Uhakiki wa Istilahi za Kupandisha Toleo la Mfumo Endeshi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wake endeshi uitwao Windows 10. Kwa watu wengi hiyo ilikuwa habari ya mafundi. Kwetu sisi tunaoshughulika na istilahi imekuwa habari ya lugha, kwani tangu hapo, katika vyumba vya walimu na katika ofisi za Mbeya na Iringa, tumeulizwa swali moja kwa namna nyingi: mtu mwenye kompyuta mpakato iliyozeeka ataipaje mfumo mpya bila ya kupoteza programu zilizomo? Jawabu la swali hilo ni la kiufundi, lakini hutolewa kwa maneno ya Kiswahili, na maneno hayo hayajapatana. Twaandika uhakiki huu kwa kuwa tumekwisha kuona mtu akipoteza kitendea kazi chake wakati mashine yake haikuwa mbovu na fundi wake hakuwa mzembe. Kilichokuwa kibovu ni neno lililopita kati yao.

Yafaa tukieleze kisa chenyewe, ingawa si cha jana. Mwaka 2020, baada ya Windows 7 kufikia mwisho wake tarehe 14 Januari, mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari mkoani Iringa aliipeleka kompyuta yake kwa fundi mmoja wa mjini. Ndani yake mlikuwa na programu ya kukokotoa alama za wanafunzi, iliyonunuliwa kwa leseni miaka kadhaa nyuma, na diski yake ya kusakinishia ilikuwa imekwisha kupotea. Mwalimu alisema, "Fundi, naomba uniboreshee Windows." Fundi akajibu, "Hamna shida, mwalimu, nitakupigia Windows mpya." Wakaagana kila mmoja akiamini kwamba wameelewana. Kesho yake mwalimu alizikuta nyaraka zake zote, maana fundi alikuwa mwaminifu na alizihamishia kwenye flashi kabla ya kuanza kazi. Programu ya alama haikuwapo. Printa ya shule nayo haikutambulika tena. Mwalimu akalalamika kwamba alisema mashine iboreshwe. Fundi akashikilia kwamba ndivyo alivyofanya. Tulipousikiliza ugomvi huo hatukuweza kumtia yeyote makosani. Na lililotuuma zaidi ni kwamba njia ya kutoka Windows 7 hadi Windows 10 huku programu zikibaki mahali pake ilikuwako. Haikutumiwa kwa sababu hapakuwa na neno la kuiomba.

Tuanze basi na neno boresha. Limetokana na bora, na limeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupatia tayarisha kutokana na tayari, na hakikisha kutokana na hakika. Kwa umbo halina kasoro. Tatizo lake ni upana. Tunaboresha elimu, tunaboresha kilimo, tunaboresha makazi. Na makazi yaweza kuboreshwa kwa kupaka chokaa, au kwa kubomoa nyumba nzima na kujenga nyingine. Neno hili hutaja matokeo yanayotarajiwa, wala halisemi juu ya njia. Katika hotuba upana huo ni faida. Katika maelekezo ya kazi ni hatari, kwa kuwa anayesoma maelekezo hataki kuambiwa kwamba mambo yatakuwa mazuri. Ataka kujua ni kitu gani kitaguswa na ni kipi kitaachwa. Wafasiri wetu wengi hukimbilia boresha kila wanapokutana na tendo la kuhamisha mashine kutoka toleo moja hadi jingine. Twaona wameikimbilia istilahi isiyo na mipaka, na kwa hiyo si istilahi bado.

Kinyume chake ni neno la mitaani, kupiga Windows. Pale Mwanjelwa jijini Mbeya, au Miyomboni mjini Iringa, kijana mwenye meza ya kutengenezea simu na kompyuta ataelewa mara moja ukilitamka: sehemu ya diski inayobeba mfumo inafutwa, kisha mfumo unawekwa upya kuanzia sifuri. Wapo wenzetu wanaolicheka neno hili. Sisi hatucheki. Kitenzi piga katika Kiswahili kimekuwa tangu zamani mlango wa kuingizia kazi mpya: tunapiga pasi, tunapiga chapa, tunapiga deki, tunapiga rangi. Mafundi wametumia hazina ya lugha kama wenye lugha walivyoitumia siku zote, na isitoshe neno lao lina sifa ambayo boresha halina, yaani kila linapotamkwa hutendeka kitu kile kile. Upungufu wake ni kwamba maana yake inajulikana upande mmoja wa meza tu. Mteja hawezi kuikisia kutokana na umbo la neno, maana ukutani rangi hupigwa juu ya kilichokuwapo, ila hapa kilichokuwapo huondoka chote.

Kati ya maneno hayo mawili yapo sasisha na huisha. Sasisha limeundwa kutokana na sasa, na limekwisha kuota mizizi katika simu na kompyuta. Huisha limeenea zaidi serikalini, ambako watumishi huhuisha taarifa zao kila mara wanapotakiwa. Hatuna ugomvi na lolote kati ya hayo, na hatuoni haja ya kulichinja moja ili jingine liishi. Lakini yote mawili yanahusu marekebisho yanayofanywa ndani ya toleo lile lile: pengo la usalama limeonekana, linazibwa, hitilafu ndogo imegunduliwa, inasahihishwa. Hiyo ni kazi ya kutia kiraka. Kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, si kiraka. Mfasiri anayeandika sasisha kwa matendo yote mawili humfanya msomaji adhani kwamba jambo linalotendeka usiku akiwa amelala na jambo linalohitaji saa kadhaa na tahadhari kubwa ni mamoja.

Rai yetu ni kutumia kupandisha toleo. Wasomaji wetu walio watumishi wa umma hawatahitaji maelezo marefu. Mtumishi anapopandishwa daraja haanzi kazi upya; jalada lake linabaki masjala, miaka yake ya utumishi inahesabiwa, michango yake ya uzeeni haipotei, na meza yake huenda ikawa ile ile. Aliyeacha kazi kisha akaajiriwa upya ni mtu mwingine mbele ya karatasi. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitaka katika kompyuta. Kwa hiyo twapendekeza kupandisha toleo litumike pale tu mfumo unapobadilika na programu, mipangilio na nyaraka vikabaki. Na tendo la kufuta na kuweka mfumo katika diski tupu liitwe kusakinisha upya, lisiitwe kwa jina lolote la kubembeleza. Mwenzetu mmoja alipinga kwamba toleo ni neno la vitabu, na kwamba toleo jipya la kitabu halibebi alama za kalamu ya risasi ambazo msomaji alizitia pembeni mwa toleo la kwanza. Ni pingamizi zuri, na kwa kweli limetufikirisha. Hata hivyo twaona kwamba mzigo wa maana hapa umebebwa na kitenzi pandisha, ambacho chadai kwamba yupo anayepanda, na kwamba akishafika juu ni yule yule.

Kwa kuwa tumelitaja neno sakinisha, hatuna budi kusema kidogo juu ya jozi yake. Kusakini ni kukaa mahali, kufanya maskani. Kusakinisha programu ni kuipa maskani katika mashine. Ni uundaji mzuri. Lakini tumeona katika vifaa vya mkononi kwamba programu huingia kwa sakinisha na kutoka kwa sanidua. Hilo la pili limejengwa juu ya sanidi, neno ambalo mahali pengine hutumika kwa kuweka programu na mahali pengine kwa kupanga mipangilio yake. Mnyambuliko wa kutendua twaujua: funga na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa. Uzuri wake ni kwamba anayejua neno moja analijua la pili bila ya kufundishwa. Sakinisha na sanidua hayana udugu huo, na mtumiaji aliyejifunza la kwanza hana njia ya kulifikia la pili. Ondoa lingetosha. Ni neno la kila siku, fupi, na hakuna aliyewahi kulielewa vibaya.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Mtu anapoiendesha programu ya kupandishia toleo la Windows akiwa ndani ya mfumo wake wa zamani, hufika mahali ambapo mashine humtaka achague moja kati ya mambo matatu: kubaki na faili zake binafsi pamoja na programu, kubaki na faili binafsi peke yake, au kutobaki na kitu. Maneno hayo matatu ndiyo yanayoamua hatima ya kazi ya miaka. Yanakaa katika dirisha dogo, hayana picha, na msomaji aliyechoka huyapita kwa sekunde chache. Kama mfasiri ana siku moja tu ya kuwa makini katika maisha yake, iwe siku hiyo.

Tazama neno binafsi. Katika Kiingereza faili za namna hii huitwa za mtu kwa maana kwamba hazikuja na mfumo, bali zimetengenezwa au kuhifadhiwa na mtumiaji. Kiswahili cha ofisini kina maana nyingine iliyokwisha kukaa. Faili binafsi, au jalada binafsi, ni lile la mtumishi lililopo masjala, lenye barua yake ya ajira, vyeti vyake, na pengine barua za onyo. Aidha, binafsi ni kinyume cha umma: shule binafsi, sekta binafsi, mambo yangu binafsi. Mweka hazina wa halmashauri akiambiwa kwamba zitabaki faili binafsi, na kompyuta yake imejaa hesabu za serikali, ana haki ya kuingiwa na hofu kwamba hesabu hizo hazimo. Mwingine asiye na hofu atafikiri kinyume chake, kwamba kila kilichomo ni chake na kwa hiyo programu nazo zitabaki. Tulilijaribu neno hili kwa makatibu muhtasari kadhaa jijini Mbeya, bila ya kuwaeleza tunachotafuta. Majibu yao hayakulingana, na huo kwetu ni ushahidi wa kutosha. Afadhali kusema nyaraka zako, au kazi zako ulizohifadhi. Si maneno yenye fahari, lakini mwenye nyumba anajitambua ndani yake.

Chaguo la tatu lina mtego wa aina nyingine. Kiingereza husema neno moja tu lenye maana ya kutokuwapo kitu, na mfasiri wa haraka ataandika hakuna. Lakini hakuna, likisimama peke yake kwenye dirisha, huliwaza moyo. Ndilo jibu la kwamba hakuna tatizo, hakuna deni, hakuna aliyekuja kukuulizia. Msomaji asiyerudi nyuma kusoma swali lililolitangulia aweza kuligusa akidhani anaiambia mashine isifanye lolote. Neno hili lapaswa kutaja tendo na kutisha kiasi chake: futa vyote. Wapo watakaosema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza ukali usiokuwamo katika matini asilia. Twajibu kwamba ukali umo, ila katika Kiingereza umebebwa na swali, na katika Kiswahili hauna budi kubebwa na jibu.

Katika uchunguzi huu tulikutana na jambo ambalo hatukulitarajia, na ambalo litawapendeza walimu wa lugha. Chaguo la kwanza, lile la kubaki na programu, wakati mwingine huonekana limefifia wala haliguziki. Sababu mojawapo ni lugha. Mfumo uliomo na mfumo unaoingizwa lazima viwe na lugha moja ya msingi, na kwa hesabu ya mashine Kiingereza cha Marekani na Kiingereza cha Uingereza ni lugha mbili. Mtu aliyenunua kompyuta yenye kimoja kisha akapakua kingine, pengine kwa kuona kwamba Tanzania ilitawaliwa na Waingereza, ataambiwa kwamba programu zake haziwezi kuchukuliwa. Hakuna fasiri ya kumwokoa hapo. Lakini maelezo ya Kiswahili yanaweza kumwambia mapema kwamba aangalie lugha ya msingi ya mfumo wake kabla ya kupakua. Na neno msingi lina kazi hapa. Vifurushi vya Kiswahili vilivyotolewa kwa Windows XP na kwa Windows 7 vilikuwa ni vazi juu ya mfumo wa Kiingereza. Aliyekuwa akiona Kiswahili kwenye kioo alikuwa bado amekaa juu ya msingi wa Kiingereza, na mashine huuangalia msingi, si vazi. Sababu nyingine ya chaguo hilo kufifia ni tofauti ya biti 32 na biti 64. Mfumo wa biti 32 haupandishwi kuwa wa biti 64. Husakinishwa upya, basi. Hivyo aliye na Windows 10 ya biti 32 hawezi kuipandisha kuwa Windows 11, iliyo ya biti 64 peke yake, hata kama prosesa yake ina uwezo.

Kwa kuwa njia hizi zina mashimo, kila fundi mwaminifu humwambia mteja wake aweke nakala kabla ya kuanza. Nakala gani? Hapa tuna maneno matatu yanayoshindana. La kwanza ni nakala rudufu. Kwa mwalimu kurudufu ni kuzalisha nakala nyingi za mtihani, kazi iliyofanywa zamani kwa stensili na wino mweusi mpaka vidole vikabadilika rangi. Nakala rudufu kwake ni bunda la karatasi, wala si kitu kinachofichwa kwa siku ya shida. La pili ni chelezo, linalotokana na kuelea. Waliolichagua walifikiria boya, kitu kinachobaki juu ya maji chombo kinapozama, na kwa pwani ni taswira nzuri sana. Lakini chelezo ni pia mahali pa kupandishia chombo kutoka majini ili kijengwe au kitengenezwe, na mtu wa Kyela aliyezoea vyombo vya Ziwa Nyasa atafikiria karakana ya meli. Tunalisema hili kwa masikitiko kidogo, kwa kuwa chelezo ni neno zuri kuliko hilo tutakalolipendekeza.

La tatu ni nakala ya akiba. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mahindi ndiyo maisha, akiba haihitaji kamusi. Ni kile usichokigusa mpaka kimekosekana kingine. Na akiba ina sharti jingine ambalo mafundi hulikazia: haihifadhiwi katika nyumba ile ile inayoezekwa upya. Nakala iliyowekwa kwenye diski ile ile inayobeba mfumo si akiba, hata ikiitwa kwa jina gani. Yafaa iwe kwenye diski ya nje au kwenye mashine nyingine. Jambo moja zaidi lapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa katika kila maelekezo ya Kiswahili, nasi hatujaliona likiandikwa vya kutosha: nakala ya nyaraka si nakala ya programu. Programu husambaza viungo vyake katika mfumo mzima, na kuinakili folda yake kwenye flashi ni sawa na kuchukua mlango wa nyumba ukadhani umechukua nyumba. Anayetaka kuiokoa programu atafute kisakinishi chake na namba ya leseni, au ainakili diski nzima kama ilivyo. Mwalimu wetu wa Iringa alikuwa na akiba ya nyaraka. Ya programu hakuwa nayo, na hakuna neno lililomwonya kwamba ni akiba mbili.

Printa yake iliyokataa kutambulika yatuelekeza kwenye neno kiendeshi. Tumeliona likitumika kwa kifaa kinachozungusha diski, na pia kwa programu ndogo inayoiwezesha mashine kuzungumza na printa. Mfumo unapobadilika, cha kwanza hakiguswi kabisa. Cha pili ndicho aghalabu kinachokosekana. Maelekezo yanayosema pakua kiendeshi kipya yaweza kumpeleka msomaji dukani kununua kifaa. Hili la kwanza liitwe diski, kama watu wote wanavyoliita, na kiendeshi libakie kwa programu. Vivyo hivyo kumbukumbu na hifadhi: Windows 11 yataka kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na afisa anayeyatumia maneno hayo kwa kupokezana atajaza fomu ya ununuzi kwa namna itakayomshangaza muuzaji.

Mashine nyingi zilizoko mashuleni hata hivyo hazitafika huko. Windows 11 yadai kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa zile za Intel orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta mpakato ya mwaka 2013 inaweza kuwa nzima, yenye betri mpya na kicharazio kisafi, na bado ikakataliwa mlangoni. Kwa watu binafsi Microsoft ilifungua mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Wengine wameshauriwa waingie katika Linux, na mafundi wanaotoa ushauri huo nao husema wanaiboresha mashine. Hapa tunapinga kwa nguvu. Aliyetoka Windows akaingia Linux hakupandisha toleo lolote, amehama. Programu zilizoandikwa kwa Windows kwa kawaida hazifanyi kazi huko bila ya msaada wa programu nyingine, hata nyaraka zikisomeka. Kuhama si jambo baya, na Kiswahili kina historia ya heshima katika makao hayo: mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na watu wake walilazimika kutafuta maneno kwa mamia pale ambapo kamusi zilikuwa kimya. Wafasiri wa leo wangefaidika kuyarudia maneno yale, yale yaliyoshika na yale yaliyoanguka. Ila anayehama na aambiwe kwamba anahama, afungashe vitu vyake.

Limebaki neno rejesha, ambalo tumelichelewesha kwa kuwa hatuna hakika nalo. Mtumiaji aliyepandisha toleo la Windows na asilipende hupewa siku 10 za kurudi kwenye toleo lake la awali, pamoja na programu zake; baada ya hapo folda iliyoushika mfumo wa zamani hufutwa, na mlango umefungwa. Hili huitwa kurejesha. Kuichukua nyaraka kutoka katika nakala ya akiba nako huitwa kurejesha. Na kuifanya mashine iwe kama siku ilipotoka kiwandani nako ni kurejesha, au kuweka upya. Katika tendo hili la tatu, hata mtu akichagua kubaki na nyaraka zake, programu alizozisakinisha huondolewa, na mashine humwachia orodha ya majina yake tu, kama daftari la mahudhurio baada ya darasa kutawanyika. Neno moja, na matendo matatu: moja linaleta kilichopotea, la pili linarudi nyuma hatua moja, la tatu linapoteza. Katibu muhtasari mmoja wa Mbeya alituuliza, "Nikigusa rejesha, anayerudi ni nani, mimi au mashine?"

Kwa tendo la kwanza twaona rudisha nyaraka latosha. Kwa la pili, rudi toleo la awali. Ni maneno manne na yanaenea kwenye kitufe. Kurudia hatulitaki, kwa kuwa ni kufanya tena. Kwa la tatu tulifikiria futa programu, likawa halisemi juu ya mipangilio, nayo huondoka. Tukafikiria anza upya, likawa halitaji hasara kabisa. Kitufe kina nafasi ya maneno machache, na bado hatujayapata. Msomaji mwenye rai na atuletee kabla ya toleo lijalo.